Nilivyomsahihisha DJ wa movie pale Turwa kwa wivu, kumbe mbele yake amekaa mtoto mwenye kesi Mugumu

Wakuu, salaam kwenu, mlioko nyumbani na mlioko mbali kama nilivyozoea kuwa mimi.

Najua humu mtu akianza tu kusimulia, kuna wanaobandika sufuria ili waseme ni chai, eti nimetunga. Bandikeni. Hili limenikuta mimi mwenyewe, na mke wangu ndiye aliyeniruhusu kuliandika kwa sababu kesi imeshaisha. Majina yote nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Tarime, miaka arobaini na kitu, dereva. Nimeendesha magari Kahama, Mererani, Tunduma, kote huko. Sikai sehemu moja. Nikiwa Tunduma nakumbuka nyumbani, nikifika nyumbani naanza kuuliza nani anatafuta dereva.

Mke wangu tumwite Rhobi. Anaishi Turwa, hapohapo Tarime, na binti yetu Bhoke.

Sasa kuna ugonjwa wangu mmoja lazima niueleze kwanza. Napenda movie za mahakamani, hasa zile ambazo kuna mtoto yuko hatarini. Mtoto kaona jambo la wakubwa, wakubwa wanataka anyamaze, na kinga yake pekee ni wakili mmoja aliyechoka mwenye koti moja.

Nilizianza nikiwa sekondari, kwenye mabanda ya video ya Tarime. Tulikaa kwenye magogo, makoti yananuka moshi wa kuni. Jenereta likizimika wakati mtoto yuko mbele ya hakimu, banda zima lilipiga kelele kama limefiwa. Mliokuwepo mnajua.

Kiingereza changu chote nimekitoa humo. Siwezi kuagiza chakula hotelini kwa Kiingereza, ila naweza kukukatia rufaa.

Tuendelee.

Nilirudi nyumbani nikiwa na flash mfukoni. Ndani kulikuwa na movie moja ya aina hiyo niliyoipata Tunduma. Njia nzima nawaza nitakavyoitazama na Bhoke, namfafanulia, nasimamisha, namuuliza anadhani nani muuaji.

Nimefika, nimesalimiwa, nimepewa maji ya kuoga. Nikatoa flash kama mtu anayetoa pipi.

Bhoke akaangalia kidogo mwanzo wake, akasema, "Baba, hii tumeshaiona kwa DJ Sasi. Ila hii yako haina utamu. Kwake wanaongea Kiswahili."

Wakuu, niliumia.

Kwa asiyejua: DJ ni yule jamaa anayekaa na maiki pembeni ya screen, movie inaendelea na yeye anatafsiri papo hapo. Anaigiza sauti zote, mzee, mtoto, mbwa. Wengi wao huwapa wahusika majina ya kwetu. Jambazi anaitwa Mwita, polisi anaitwa Afande Magige, watu wanacheka, biashara inakwenda.

Nikamuuliza Bhoke, na yule wakili mwanamke kampa jina gani?

"Wakili Rhobi."

Nikachomoa flash yangu.

Wakili wa movie ile, nisiwafiche, ni mwanamke mzuri. Na pale mtaani mke wangu hakuna mwanaume anayemwita Rhobi. Ni Mama Bhoke. Jina lake la kuzaliwa naliita mimi na wazazi wake. Sasa kuna kijana analiita kwenye spika, banda zima linapiga makofi.

Kesho yake naenda dukani, mama muuza duka ananiambia, "Karibu nyumbani shemeji, umemkuta wakili wetu?" Akacheka na wenzake.

Wivu ulianza hapo.

Nyumbani pia nilimkuta mtoto mwingine, tumwite Ghati. Ni mtoto wa dada yake Rhobi, ametoka upande wa Ringwani, wilaya ya Serengeti, umri wake sawa na Bhoke. Niliambiwa kaja kukaa kwa mama yake mdogo kwa muda. Mtoto kimya sana. Mbwa akibweka nje, anaingia chumbani. Mimi nikajua ni aibu ya ugeni.

Halafu DJ Sasi akaanza kuonekana nyumbani kwangu. Mchana, mbele ya macho yangu. "Shikamoo kaka," anaingia. Kijana mwembamba, kofia kichwani hata kivulini, maneno kama redio. Anakaa na Rhobi na yule Ghati nyuma ya jiko. Nikitokea, wanabadilisha mazungumzo. Na Ghati ambaye kwangu haongei, kwake anacheka.

Nikamuuliza Rhobi, huyu kijana anatafuta nini hapa?

Akasema, "Anakuja kuongea na mtoto."

"Mtoto gani anaongea na DJ?"

"We baba Bhoke, umekuja kupumzika au umekuja kulinda geti?"

Jibu gani hilo wakuu? Mtu ukiwa na wivu, jibu kama hilo ni kuongezewa kuni.

Jumapili baada ya kanisa wakasema wanaenda bandani, Bhoke, Ghati na Rhobi. Rhobi, ambaye miaka yote nimembembeleza aangalie movie na mimi analala kabla jina la movie halijatokea! Nikasema na mimi naenda.

Nilikaa nyuma. Wao walikaa mbele kabisa, Ghati katikati. Na movie ilikuwa ileile niliyobeba kwenye flash.

Nitawaeleza kifupi. Mtoto wa kike alijificha kwenye buti la gari kwa mchezo, akaona dereva wa bwana mmoja mkubwa anamsukuma mtu darajani. Movie nzima ni kumtafuta yule mtoto. Mwishoni yuko mahakamani, na wakili wa yule bwana mkubwa anamuuliza maswali ya mtego. Hapo wakili wake mwanamke anainama, anamwambia asijibu. Anyamaze. Swali lile lina mtego.

Hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Ukimya wa yule mtoto ndio unaomwokoa.

Sasa DJ Sasi alipofika hapo alifanyaje? Akasema kwenye maiki, "Wakili Rhobi anainama, anamwambia, sema mwanangu. Sema ulichokiona. Mimi niko hapa, hawakufanyi kitu."

Na mtoto akaanza kusema! Kwa sauti ya Sasi. Kwenye screen mdomo wa mtoto umefungwa kabisa, lakini sauti inatoka, anaeleza daraja, anaeleza gari, anamtaja mtu kwa jina. Banda linapiga makofi. Namwona Rhobi anapiga makofi kuliko wote.

Nikasimama.

"Muongo wewe! Hajasema hivyo! Wakili kamwambia anyamaze! Kamwambia akisema watamuua!"

Hilo la kuuawa lipo kwenye movie, ila anayelisema ni mtu mwingine, huko mwanzoni. Mimi nililiunganisha pale kwa hasira. Tafsiri nyingine yote ilikuwa sahihi na mpaka leo nitaitetea mbele ya mwalimu yeyote.

Watu wakanigeukia.

"Kaa chini mura!"

"Huyo nani? Mtoeni!"

"Si mume wa wakili huyo! Mwacheni, anamdai ada ya kesi!"

Kicheko banda zima. Nikaendelea kusimama. "Muulizeni! Mtoto amefunga mdomo, nani anaongea hapo?"

Sasi akaweka maiki chini. Alikuwa anamtazama Ghati.

Ghati alishanyanyuka. Alipita katikati ya magoti ya watu akatoka nje, Rhobi na Bhoke nyuma yake. Rhobi alinipita kama anapita nguzo.

Nawaambia ukweli wakuu, dakika ile nilijiona nimeshinda. Nimemkata kijana maneno mbele ya wateja wake, na mke wangu ametoka bila kumwangalia.

Nikafika nyumbani na kifua mbele. Bhoke alikuwa amekaa mlangoni.

"Baba, kwa nini umemwambia atauawa?"

"Nimemwambia nani? Nilikuwa namwambia yule DJ."

"Ghati ana kesi mahakamani Mugumu wiki hii."

Akanieleza binti yangu, mimi nimesimama na viatu mkononi. Ghati alikuwa anaokota kuni huko kwao akaona watu wanaswaga ng'ombe wa jirani. Mchungaji alipojaribu kuzuia akakatwa panga. Alipona, ila hakuwatambua waliomkata. Ghati alimtambua mmoja. Ni baba yake mdogo.

Ndugu walishamwambia mtoto kwamba akilisema hilo mahakamani asirudi tena kwenye boma lile. Wengine walisema maneno makubwa zaidi. Mama yake mwenyewe aliogopa. Rhobi alikwenda, akamchukua mtoto mbele ya wazee wa ukoo, akasema anayemtaka amfuate Turwa.

Na mtoto alipofika Turwa hakusema neno na mtu, mpaka siku Bhoke alipompeleka bandani. Akaipenda ile movie. Rhobi ndiye aliyemfuata Sasi na kumwomba, pale mtoto anaponyamazishwa, wewe msemeshe. Ghati alirudia kuitazama, na kila mara aliondoka amenyooka kidogo.

Nilimfuata Rhobi jikoni. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia?

"Nikuambie ukiwa wapi? Na wewe kila kitu unaandika kwenye mitandao."

Nikatoka jikoni.

Usiku ule Ghati aligoma kula. Asubuhi akamwambia Rhobi haendi Mugumu. Akasema baba Bhoke ametazama movie nyingi, anajua zinavyoisha.

Rhobi akanigeukia. "Haya. Mwambie sasa, mwenye Kiingereza."

Nikakaa na mtoto. Nikataka kumsimulia mwisho wa kweli wa ile movie. Mwisho wenyewe ni kwamba mtoto anahamishwa mji, anapewa jina jipya, haonani tena na mama yake. Nikaanza nyingine. Kwenye hiyo wakili anakufa. Nilipekua kichwa changu chote, miaka yote ile ya kutazama, sikupata hata moja ya kumpa mtoto anayekwenda mahakamani kweli.

Ghati akaniambia taratibu, "Nitaenda kama mjomba DJ atakuwepo."

Mjomba DJ! Mimi mume wa mama yake mdogo, nimekaa mbele yake, naitwa mwenye movie nyingi. Yeye mjomba.

Nikaenda kwa Sasi kwa miguu yangu. Alikuwa anafagia banda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema tu, "Mdogo wangu, mtoto amegoma. Anakutaka wewe."

Akasema, "Lini tunaondoka?" Hakuuliza kingine. Angenitukana ningejisikia vizuri.

Niliazima Probox kwa rafiki. Siku ya kesi tukaondoka asubuhi kwa njia ya Nyamongo. Rhobi, Ghati na Sasi wakakaa nyuma. Mimi mbele peke yangu, kama nimekodiwa.

Tulipoanza kukaribia upande wa kwao, nikaona kwenye kioo kwamba Ghati hayupo. Nikakanyaga breki. Kumbe amelala chini, kwenye nafasi ya miguu, amejifunika kitenge cha Rhobi. Hakuna aliyemwambia. Alifanya mwenyewe, haraka, kama mtu aliyewahi kujizoeza.

Wakuu, nimeona watoto wamejificha kwenye magari kwenye movie zaidi ya nilivyokula samaki. Kila mara nilikuwa natafuna karanga. Siku ile karanga zilikuwa kwenye dashibodi, sikuzigusa.

Nilitaka kusema neno la kumtuliza.

Sasi akaanza, kwa ile sauti yake ya bandani. "Ndugu watazamaji, hapo mnaona gari jeupe likikata mbuga. Dereva ni mzee mmoja mkali, anayajua magari, ila Kiswahili cha kwenye movie kinamkera. Kulia kuna mbuzi. Mbuzi anaangalia gari. Je, mbuzi ni mpelelezi?"

Kutoka chini ya kitenge kikatoka kicheko.

Nikamwangalia Rhobi kwenye kioo. Alikuwa anamtazama Sasi kwa shukrani ambayo sijawahi kuangaliwa nayo maisha yangu yote. Haikuwa mapenzi, hilo niliona. Ila mapenzi ningeweza kugombana nayo. Ile sikujua nigombane nayo vipi.

Mahakamani, kwa kuwa shahidi ni mtoto, walitutoa watu wote. Walioruhusiwa ndani ni hakimu, mawakili, mshtakiwa, dada wa ustawi wa jamii, Rhobi na Ghati. Sasi hakuruhusiwa. Kabla mlango haujafungwa, Ghati aligeuka akatuangalia. Sasi akavua kofia. Kumbe ana upara, kijana yule. Ghati akatabasamu akaingia.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye. Mlango mzito, husikii neno. Nimezoea kuona kinachoendelea ndani, kamera inazunguka, muziki unapanda. Pale hakuna kitu. Kuna mlango.

Nikamuuliza, "Kwa nini Rhobi? Si ungempa yule wakili jina la mke wako?"

"Kaka, mimi mke wangu nampenda, lakini akiona ng'ombe dume anapanda juu ya meza. Yule wakili anasimama mbele ya wanaume wabaya. Hapa Turwa nilimjua mmoja tu wa hivyo."

Mimi nimeoana na huyo mmoja, na nilikuwa Tunduma.

Mlango ulipofunguliwa Rhobi alitoka kwanza, macho mekundu. Akatikisa kichwa kwa kukubali, na mimi nikapumua.

Ghati akatoka nyuma yake. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa Sasi, akamwambia, "Yule wakili wao alinikatiza. Nikamwambia subiri, sijamaliza."

Halafu akaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti kubwa, pale uani. Alikuwa anamweleza yeye. Mimi nilisikiliza kama mpita njia, na nililisikia kila neno.

Kesi imeisha, mtu amefungwa. Ghati bado yuko kwetu, anasoma na Bhoke. Boma la kwao halijamsamehe.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto aliye hatarini hahitaji mtu anayejua movie inavyoisha. Anahitaji mtu aliyepo. Na ukiwa hupo, usishangae nafasi yako ikikaliwa, wala usimchukie aliyeikalia. Hili la mwisho mimi bado linanishinda. Kijana akipita nyumbani na kofia yake, kifua bado kinachoma.

Kwa sasa nimepata gari la kubeba mahindi hapahapa, Tarime na Sirari. Jioni narudi.

Karibuni wakuu. Mnaotaka kutukana, tukaneni kwa utaratibu. Ila wewe uliyewahi kukuta mtu mwingine anafanya kazi yako ndani ya nyumba yako, na anaifanya vizuri kuliko wewe, ulimwambia nini?