Nemesia na Tambarare Iliyolimwa

Nemesia Ayaviri alikuwa jirani yangu hapa chini ya mlima, kusini mwa uwanda wa chumvi. Alipofiwa na mumewe alibaki na kundi la lama, wanyama wetu wa sufu na mizigo, na vipande vya shamba mlimani, ambavyo alivilima kwa kijembe, shimo moja moja, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Kipande kikishavunwa, alikiacha kipumzike miaka kadhaa. Siku zile kwinoa, nafaka ya punje ndogo tunayolima huku, ilikuwa chakula chetu tu, uji na supu, na wageni wa mjini wakija tuliona haya kuwaandalia.

Kisha watu wa nchi za mbali wakaanza kuitaka. Bei ikapanda, na wenyeji waliohama zamani wakakumbuka kwamba wana kwao. Mmoja wao alikuwa Gumercindo, mdogo wa marehemu mumewe, dereva wa lori mjini Oruro. Alikuja na trekta la kukodi. Mlimani trekta halipandi, kwa hiyo akaichagua tambarare, malisho ya lama yaliyojaa vichaka vifupi vya thola.

Nemesia alimkuta ameketi kivulini mwa trekta na wenzake, akitafuna majani ya koka.

"Shemeji, hapo ndipo lama wangu wanapokula."

"Lama wako wana miguu, shemeji. Wapeleke kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Wewe ndiye mchungaji. Mimi dereva, niulize barabara."

Wenzake wakacheka. Nemesia naye akacheka kidogo, maana shemeji ni mtu wa utani.

Alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Huko akagundua kwamba kila familia ina ndugu mwenye trekta, au anayelitafuta. Kiongozi wetu wa mwaka ule, mtu mpole, alimwambia ana haki kabisa, ila Gumercindo naye ni mtoto wa ardhi hiyo hiyo. Isitoshe, mwanawe kiongozi mwenyewe alikuwa amekwisha kulima upande wa pili.

Thola iking'olewa, lama hawana pa kwenda. Nemesia aliwauza wachache wachache, hadi zizi likabaki mawe matupu. Bila lama hakuna samadi, na mashamba yake ya mlimani nayo yakachoka. Mwishowe akawa kibarua wa shemeji yake, akivuna kwinoa palepale alipokuwa akichunga.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, hilo siwezi kulikana. Gumercindo alijenga nyumba ya matofali. Lakini udongo uliopinduliwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa uligeuka vumbi, na hapakuwa tena na kichaka cha kuuzuia. Upepo wa kabla ya mvua ulipokuja, ulifukia miche yote. Tuliitwa sote tukaifukue. Nemesia alipiga magoti, akawa anauondoa mchanga kwa vidole, mche mmoja baada ya mwingine.

"Fanya haraka, shemeji, upepo unarudi," Gumercindo alimwambia.

"Haraka ya nini? Ukirudi si utafukia tena?"

Gumercindo alipiga magoti kando yake, akafukua pia.

Upepo ulirudi. Walipanda upya, ukafukia tena. Kisha bei nayo ikaanguka, kwa sababu nchi nyingine zilikuwa zimeanza kulima kwinoa. Kabla ya kurudi Oruro, Gumercindo alipita kwa Nemesia kuaga. Nilikuwepo.

"Uliniambia, shemeji," akasema. "Sasa tufanye nini?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Alitikisa kichwa. Nemesia hakuweza hata kumkasirikia.

Mvua zilizofuata alichimbua thola mlimani, akaibeba mgongoni kwa shuka hadi tambarare, akaipanda na kuizungushia mawe. Nilimsaidia. Ilinyauka karibu yote. Msimu mwingine alijaribu tena, na hali ikawa ileile.

Mwaka jana binti yake alimwita akaishi naye Calama, ng'ambo ya mpaka. Hakubisha. Siku ya kuondoka upepo ulivuma tangu asubuhi. Tulisubiri gari ndani, mlango tumeuziba kwa blanketi, tukinywa chai yenye mchanga chini ya kikombe. Aliniuliza kama nami nitahama. Nilimwambia bado sijui.