Mizizi Juu ya Duara la Zamani

Nyuma ya nyumba yetu Nyarugusu palikuwa na duara, shimo la dhahabu lililochimbwa likaisha, likafukiwa. Udongo wa chini ulibaki juu: mwekundu, mgumu, hauoteshi hata mchicha. Mume wangu aliniambia wazi, "Mvua zikipita bila mboga hapa, nawarudisha wachimbaji." Mimi nilitaka bustani, si shimo lingine mlango wa nyuma.

Nilianza na komfrei, mmea wa kurutubisha udongo. Vipande vya mizizi nilipewa na sista mmoja wa Ushirombo, pamoja na onyo: "Hiki ni chakula cha udongo, si cha sufuria." Nilivipanda, nikavimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Yakatoka majani mapana yenye vinyoya. Mengine niliyakata nikayatandaza chini, mengine nikayaloweka kwenye ndoo, nipate maji ya mbolea.

Mama mkwe alipokuja kutoka Mhunze, alipokewa na harufu ya ndoo.

"Mkamwana, umeozesha nini humu? Fisi?"

"Majani, mama."

Kwao, shamba lenye majani yaliyolala ni la mvivu. Palizi huacha udongo mtupu kama uwanja uliofagiliwa. Siku niliyokwenda mnadani Buseresere kutafuta mbegu, alichukua jembe. Nilirudi nikakuta kila shina limeng'olewa, mizizi imekatwakatwa na kutawanywa eneo zima ikauke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekusaidia. Nyoka wangekufuata mpaka kitandani."

"Asante, mama."

Mume wangu alicheka. "Basi, niite watu wa duara."

"Ulisema mvua zipite. Hata hazijaanza."

Nilivifukia vile vipande vya mizizi pale pale vilipoangukia, mama mkwe akinitazama kana kwamba nazika kuku. Mvua ziliponyesha, komfrei ilichomoza kila mahali, mpaka katikati ya duara. Nikawa nakata, natandaza, nakata tena. Chini ya majani udongo ulishika unyevu, minyoo ikaonekana. Nikapanda maboga. Hayakuwa makubwa, lakini majani yake tulikula na ugali karibu kila siku.

Mvua zikielekea kwisha, wachimbaji wawili walikuja kukagua eneo. Walitukuta tunakula.

"Mnapita wapi nyie?" mama mkwe akafoka, tonge mkononi. "Hapo kuna mboga zangu!"

Mume wangu alimega ugali, akachovya.

"Mmemsikia mama," akawaambia.