Paa Lililobaki Ziwani

Habari niliipata kwa dereva wa kamio, lori la mizigo, dukani kwangu Kashebere, upande wa Walikale, ninapouza chumvi na mawese. Mdogo wangu Kavira alikuwa amekimbilia Mweso, mtoto wake mchanga ametoka hospitalini na kifua, na kibanda chao kinavuja. "Amesema umutafutie paa," dereva akaniambia. Siku zile za vita mtu mwenye akili zake hakutoka Walikale kwenda Masisi kutembea. Lakini damu nzito kuliko maji. Nilifunga duka, nikashika rozari yangu, nikapanda kamio ileile.

Bihambwe nilishuka kwa hesabu zangu mwenyewe. Kavira aliolewa huko, katika familia ya wakulima wa vilimani, na nyumba yao ilikuwa ya mabati. Nilijiambia nitayang'oa nimpelekee. Nilikuta kuta nne na mawingu juu. Wezi hawakuacha hata misumari. Jirani mmoja alikuwa akichimba viazi haraka haraka. Hakuinua hata mgongo.

"Mama, usisimame hapo," akasema. "Biko ku kilima, banakuona."

Sikuuliza ni akina nani hao walio kilimani wakiniona. Nilishuka bondeni, na njia yote hadi Mweso sikuthubutu kugeuka nyuma.

Mweso nilimkuta Kavira ameinama juu ya mtoto, mgongo wake ndio paa. Aliniuliza mabati yako wapi.

"Wameyabeba yote."

"Basi enda ku ziwa, dada. Sisi wakimbizi njo tunakataka mafunjo huko. Mutoto akilowa tena, sijue kama atapona."

Mafunjo ni yale majani marefu yanayoota majini, yenye vichwa kama ufagio, nayo huezekewa paa. Nilichomeka kisu kwenye kitenge, nikaondoka kesho yake alfajiri.

Ziwa lile ni mojawapo ya maziwa ya Mokoto, limelala katikati ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni. Nilipokelewa na Mama Riziki, msusi wa mikeka. Ufuo mzima ulikuwa kazini: huyu anachota maji ya kupika, yule anabanika kambare wa kupeleka soko la Mweso, wengine wanasuka. Mafunjo ya upande wa nchi kavu yalikuwa yamekatwa hadi shinani. Yalibaki yale yaliyosimama majini.

"Benye walikimbia vita walikuwa bengi, mama," alisema Mama Riziki. "Ile imebakia hakuna mutu anaikata. Njo kitanda ya samaki. Na mvua ikinyesha, njo inashika matope ya mashamba, maji inabakia safi."

Nilimweleza habari za mtoto. Aliinamisha kichwa, lakini hakusema ndiyo.

Adhuhuri watu wenye bunduki wakateremka kilimani. Mkubwa wao alinyoosha mkono kuelekea majini. "Mukate yote! Adui banajificha humo."

Nisifiche: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilishika kisu. Paa lote la Kavira lilikuwa mbele yangu, na ruhusa imetoka kwenye mtutu wa bunduki.

Mama Riziki akapiga magoti. "Shefu, tuinamishe, tusikate. Utaona maji yote mpaka ngambo. Tukikata, samaki itakufa, na wewe pia unakulaka yake."

Yule mtu alitazama kambare waliokuwa motoni. "Mpaka jua ilale," akasema. "Nikiona kichwa moja imesimama, nachoma."

Tuliingia majini hadi kiunoni, wanawake wote. Tulikunja mabua, tukayafunga mafungu mafungu yalale juu ya maji. Chini yake niliona vifaranga vya samaki vikipita kati ya miguu yangu. Kila fungu nililolaza nililihesabu kuwa sehemu ya paa la mtoto, na nililia nikifunga.

Jua lilipokaribia kuzama, fungu langu moja likafumuka. Nilikuwa nimelifunga kwa fundo la kufungia kuni, jinsi tulivyozoea kwetu Butembo tulikokulia, na ganda bichi la mafunjo huteleza. Vichwa vikainuka, kimoja, viwili, vitano. Mkubwa akatoa kiberiti. Mama Riziki alijitupa kifudifudi juu ya mabua yale, akayazamisha kwa kifua chake, huku mimi nikifunga upya kwa vidole vilivyokufa ganzi. Yule mtu alitutazama, akatazama ng'ambo, akarudisha kiberiti mfukoni. Waliondoka na kambare wetu karibu wote.

Asubuhi Mama Riziki alinipa mkeka aliokuwa auze sokoni, na samaki wawili waliosalia. "Ya mutoto," akasema.

Nilipofika Mweso, Kavira aliuona mkeka, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mafunjo imeisha?"

"Hapana. Iko. Tumeiacha."

"Mumeiacha! Na mutoto wangu?"

Nilimpa wale samaki wawili, nikamweleza kuwa yale mafunjo ndiyo kitanda chao. Tulifunga mkeka juu ya pembe moja ya kibanda, na hatujamaliza mvua ikaja. Kwingine kote palivuja, pembe ile ikabaki kavu. Tulijibana hapo watatu, samaki wakichemka karibu na miguu yetu. Sitapamba nilichojifunza: nilikuwa nimekwenda kutafuta paa, nikakuta ziwa lile limeshawabeba watu wengi kuliko nilivyodhani, na nilibakiza kidogo tu kulimalizia kwa kisu changu.

Kavira alikunywa mchuzi wote, akamnyonyesha mtoto hadi akalala. Alimsogeza mtoto ndani zaidi chini ya mkeka, bega lake mwenyewe likabaki nje likidondokewa na maji.

"Basi mafunjo ibakie huko," akasema.