Mume Mwenzangu

Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na mjukuu naye hudai wali wake na kuuliza nani kamnunulia mkewe kanga mpya. Bibi yangu wa Dunda, aliyemzaa mama, alikuwa na waume wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Mume mkubwa nilikuwa mimi, kwa kuwa nilitangulia kuzaliwa na nililelewa nyumbani kwake. Sikujua kwamba cheo hicho mtu anaweza kunyang'anywa.

Mama alifariki Makurunge, juu ya dungu la kulindia mpunga, mimi nikiwa shuleni Dar es Salaam. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa naye. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Tangu hapo bibi aliitikia salamu, alisali, alisuka ukili wa mikeka, lakini habari za siku ile hakumpa mtu, na chakula alikigusa tu.

Nilitaka jambo moja, aniambie mama alisema nini mwishoni. Nilikuwa nimemaliza shule, nimepata kazi ya kupima mbata, nazi zilizokaushwa, kwa tajiri mmoja pale mjini. Kila jioni nilipotoka kazini nilikwenda kuketi mkekani kwake, nikasema, "Pole, bibi." Naye akanijibu, "Pole nawe, baba." Tuliishia hapo. Nikimuuliza, alinifuta machozi mimi, kisha akanihimiza nile.

Ndipo akarudi binamu. Naye alikuwa amemaliza shule, ila yeye amekubaliwa kwenda bara kujifunza kuuguza wagonjwa wa akili. Mtaa ulimcheka. Wazee walimuuliza atawapungaje watu hao bila ngoma wala ubani. Alisema anataka kujifunza kukaa na mtu mpaka mtu mwenyewe aseme. Mimi niliona si kazi ya kusomea hiyo. Kukaa na bibi nilikuwa nimekaa miezi mizima.

Aliingia uani bila pole yoyote.

"Shikamoo, mke wangu. Mbona umekonda? Huyu mume mwenzangu hakulishi?"

Tangu msiba hakuna aliyethubutu kufanya utani katika nyumba ile. Nilingoja bibi amfukuze. Akainua uso.

"Marahaba. Huyu huniletea machozi tu. Wewe umeleta nini, zaidi ya hiyo miguu mirefu?"

"Mikono."

Akaketi, akavuta miyaa ya ukindu, akaanza kusuka. Alisuka vibaya, na bibi alimkemea, akamfumulia, akamwanzishia upya. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Mimi nilijua kusuka ukili tangu utotoni, tena ulionyooka, na hakuna aliyenitazama.

Jioni moja nilirudi kutoka kwenye mbata nikasikia sauti ya bibi uani, sauti ndefu isiyokatika. Nilisimama ukumbini. Nilisikia neno dungu, nikasikia jina la utotoni la mama. Nilipotokeza mlangoni, bibi akanyamaza, akaomba maji.

Nilimbana binamu njiani anieleze alichoambiwa.

"Aliniambia mimi," akasema.

"Ni mama yangu yule."

"Ndiyo maana hakwambii. Akikuona, anakubembeleza kwanza. Atalilia wapi?"

Ningelipa chochote jibu lile liwe la uongo. Bibi alianza kula. Alitoka tena kwenda kisimani, na mtaa uliomcheka binamu sasa ukasema ana mkono wa heri. Siku moja nami nilijaribu. Niliingia nikidai wali wangu kwa sauti ya mume. Bibi alicheka kama mtu anavyomchekea mgeni, kwa adabu, halafu akanishika kichwa akasema, "Pole, baba."

Binamu alipoondoka kwenda bara, bibi alimpa mkeka alioushona kwa ukili aliousuka binamu mwenyewe, uliopindapinda kama njia ya nyoka. Niliutaka mkeka ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu cha mtu. Baadaye nami nikaondoka, Pangani, Tanga, Lindi, kazi hii na ile. Bibi alifariki nikiwa Tanga, bila kuniambia mama alisema nini.

Nilipofika bara na lori la mizigo, miaka mingi imepita, nilimtafuta binamu pale anapofanya kazi. Mkeka ulikuwa umetandikwa chumbani kwake, umechakaa pembe. Nilikuwa nimekuja kuuliza tena, na safari hii nisingeondoka bila jibu. Alinimiminia kahawa, akaniuliza siku hizi nalala wapi, na kama bado naamka kabla ya adhana.

Nikaanza na habari za miji. Sikumbuki nilivukaje kutoka hapo hadi kwa mama, alivyonipeleka shule siku ya kwanza akiwa amenishika shingoni, na viatu vyake alivyovibeba mkononi visiingie mchanga. Binamu alisikiliza tu. Kahawa ilipoa. Nilipokumbuka swali langu, lori langu lilikuwa linapiga honi nje.

Njiani ndipo nilipotambua. Anazo habari za mama kutoka kwa bibi, na sasa anazo pia kutoka kwangu. Mimi ninazo zangu tu.