Tandala Aliyekwenda kwa Mzee Mhando

Chuma kikipita juu ya kinoo kilicholoweshwa maji hutoa sauti kama ya mtu anayebembeleza mtoto: shii, shii, shii. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu pale Kwedizinga. Wengine watakuambia walilelewa na nyimbo za mama zao. Mimi nililelewa na kinoo. Baba yangu, Mzee Mhina, alikuwa mwindaji wa uta na mishale siku zile ambapo pori lilianzia nyuma ya choo chetu, na mimi, wa kwanza kati ya mabinti zake wanne, ndiye niliyemnolea vyembe, yaani vile vyuma vya mbele ya mshale. Shule niliiacha darasa la tatu na sioni haya kulisema. Lakini kazi ile niliifanya uani kwa kujificha, kwa sababu wawindaji wenzake waliamini kwamba mkono wa kike ukigusa mshale, mshale unapofuka. Baba hakuwa na mtoto wa kiume na walishamcheka sana kwa hilo. Alijua wakigundua watanikataza, na yeye watamtoa kwenye msafara. Akanipa kinoo hivyo hivyo.

Mwaka ninaoukumbuka, mahindi yalikauka yakiwa yanachanua, na watu wakaanza kulitazama pori kama ghala. Baba akanichukua hadi Korogwe kwa fundi mmoja wa Kishambaa aliyefua vyembe kwa springi za malori mabovu. Banda lake lilinuka mkaa, jasho na mafuta ya gari, harufu ambayo mpaka leo naiona tamu kuliko pilau. Kule hakukuwa na mwindaji mwenzake wa kutuona, kwa hiyo baba alinisukuma mbele.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mzee Mhina, leo umekuja na mkaguzi?"

"Nimekuja na mwenye macho. Yangu yamechoka."

Fundi akamwaga vyembe juu ya gunia, akacheka. Mimi nikachuchumaa nikaanza kuchagua kama mama anavyochagua mawe kwenye mchele. Vyenye kulabu nilivitupa pembeni kwanza. Baba hakuvitaka, kwa sababu mnyama akikutoroka na kulabu mwilini anaondoka na mateso ambayo utaulizwa wewe. Vyembamba kama msumari navyo nikaviacha: vinaingia vizuri, ila kidonda kinajifunga, damu haidondoki, na utamfuata mnyama kwa kubahatisha. Vipana kupita kiasi vinashika upepo, mshale unaogelea. Baba alitaka chembe cha mabawa mawili, upana wa vidole viwili vyangu vya wakati ule, kinachokata kweli, maana alikuwa mtu wa bismillahi na hakutaka nyama ya mnyama aliyekufa kwa kugongwa. Nikakigonga kila kimoja kwa kucha nisikie kama kina ufa. Nikakilaza juu ya kidole nione kama kinainama.

"Hicho nacho kina nini?" fundi akauliza nilipokisukuma kimoja kizuri.

"Bawa la kulia zito."

Akakiweka kwenye kidole chake mwenyewe. Kikainamia kulia. "Mzee Mhina, huyu mtoto safari nyingine mwache nyumbani. Ataniulia biashara."

Njia nzima ya kurudi baba alikuwa akipiga mluzi, na baba yangu hakuwa mtu wa mluzi.

Nyumbani alivitia alama, mikato mitatu kwenye shina la bawa. Kila mwindaji alikuwa na alama yake, kwa kuwa mwenye chembe kilichompata mnyama ndiye mwenye mnyama: anachukua ngozi na mapaja yote mawili, na ndiye anayegawa kilichobaki. Mzee Mhando peke yake, mkubwa wa msafara, hakutia alama. Wote walinunua kwa fundi yule yule, kwa hiyo chembe kisicho na kitu kilijulikana ni chake. Ndipo nikafanya ujinga wangu. Kinoo hakikunitosha, nikachukua tupa ya jirani, nikasugua chembe kimoja kuanzia shina hadi ncha mpaka kikang'aa nikaona meno yangu. Nilikuwa natazama makali tu. Ile mikato mitatu ikaondoka na unga wa chuma, wala sikuona.

Siku ya tatu ya msako wakaja kuita watu wa kubeba nyama. Nikaenda na kikapu changu. Tandala dume alikuwa amelala kwenye uwazi, ameshachinjwa, mshale umevunjika mbavuni. Waliomlenga walikuwa wawili, baba na Mzee Mhando, na mshale mmoja ulimkosa ukapotelea mitini. Wakakichomoa chembe, wakakifuta kwa majani. Hakina alama.

"Basi ni changu," Mzee Mhando akasema. Kisha akakigeuza juani. "Lakini mbona kinang'aa kama kijiko cha harusi? Mimi sinoi hivi. Mhina, hiki si chako? Nani alikunolea?"

Baba akakipokea. Akapitisha kidole gumba kwenye shina, polepole, mara mbili. Hakunitazama, na hapo nikajua kwamba amejua. Angeweza kusema neno moja tu, tandala angekuwa wetu, na nyumbani tulikuwa tunakula uji wa pumba. Lakini akikidai angeulizwa ni nani aliyeifuta alama yake, na swali hilo lingefika kwangu.

"Vyangu nanoa mwenyewe," akasema. "Hiki si changu."

Baba yangu, mtu ambaye hata mbuzi hakumdanganya kwa kumwonyesha kiganja kitupu! Tukarudi na shingo, sehemu ya mtu aliyesindikiza. Watu wakamtania mpaka mlangoni kwetu. Jioni akaniletea vyembe vilivyobaki na kinoo, akaviweka mbele yangu, akaenda kuswali. Hakuniuliza. Mimi nami sikusema, si siku ile, wala miaka yote aliyoishi baada yake, na sasa nimlilie nani?

Leo ukienda na uta porini utalala mahabusu, na ni sawa, maana tandala wenyewe wamebaki hadithi. Mimi nina karakana ya mageti hapa Kabuku, niliijenga kwa mikono hii, sikusaidiwa na mtu. Mwezi uliopita mteja alikuja akifoka kwamba geti lake limepinda. Fundi wangu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa amekosea vipimo. Nikamwonyesha kwa kidole mbele ya watu wote: "Ni huyu hapa, mwulizeni yeye." Nilisema kweli tupu. Yule fundi akaweka glovu zake juu ya meza, akaondoka, wala hakurudi. Geti tulilinyoosha kwa nusu saa.

Tangu siku ile, kila jioni nikifunga karakana natamani baba angekuwepo. Sitaki anisamehe. Nataka aje asimame pale penye mashine, mteja anafoka, nimsikie atakavyojibu.