Kitambaa cha Bi Siwema na Feni za Zahoro

Bi Siwema wa Mtaa wa Narung'ombe hakuwa mtu wa kuacha kitu uchi. Redio yake ilivaa kitambaa, birika lilivaa kitambaa, hata mtungi wa gesi, ambao hakuuamini hata siku moja, aliufumia cha maua. Basi biashara zilipokuwa ruksa, kila kibaraza Kariakoo kikageuka duka, na shemeji yake Zahoro, mume wa mdogo wake Mgeni, akafungua chumba cha kuchapa kadi kwa kompyuta ya mtumba kutoka Dubai. Bi Siwema akafuma. Kitambaa cheupe, pindo refu, kikafunika sanduku la kompyuta juu na mbele mpaka chini. Alikivalisha mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Sasa ni kitu cha watu."

Alhamisi moja shida ikawa yake mwenyewe. Kadi mia mbili za harusi ya mjukuu wake Tatu zilitakiwa alasiri, wazee wa upande wa bwana harusi waje kuzichukua kutoka Ilala. Wao za kwao walishagawa zamani.

"Wakizikosa," alimwambia Zahoro, "watakwenda kusema kwetu tunaalika kwa kupiga kelele dirishani. Chapa!"

Kompyuta ikachapa kadi kumi na nane, ikazima. Zahoro akaiwasha. Kumi na mbili, ikazima tena. Sanduku limepata moto kama sufuria ya maharage. Zahoro akamwita Alpesh, kijana wa duka la vipuri la jirani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mama Champaben hajambo? Haya, umeleta dawa au mikono mitupu?"

Alpesh akainama nyuma ya sanduku. "Mzee Zahoro, feni zinakwenda kivivu. Nani kazipunguza?"

Zahoro akajikuna kisogo. "Zinanipigia kelele, sisikii redio."

"Si ungeongeza redio, shemeji!" akasema Bi Siwema, roho kwatu kwamba kosa limepata mwenyewe.

Nyuma pale palikuwa na kidude cha kuzungusha, kama cha kuongezea sauti. Alpesh akakizungusha mpaka mwisho. Feni zikanguruma kama mashine ya kusaga. Kadi tano, halafu kimya.

"Haiwezekani," akasema Alpesh, kichwa bado nyuma ya sanduku. "Ya mbele inavuta hewa ya baridi, ya nyuma inatoa joto. Kasi sasa ipo. Labda niende nayo dukani, Jumamosi nairudisha."

Akaiwasha mara moja zaidi asikilize. Wanaume wote wawili walikuwa nyuma, masikio yameelekea feni. Bi Siwema peke yake alikaa mbele, kwenye stuli, na aliona. Kitambaa chake kilikuwa kimenyonywa, kimeng'ang'ania matundu ya mbele kama mashavu ya kibogoyo anayefyonza embe. Hewa ipite wapi?

Miezi miwili ya kufuma ile! Akatazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu.

Akakohoa. "Hiki kina vumbi," akasema, akakivuta kitambaa, akakikunja, akakiweka ndani ya khanga yake. "Siwezi kupokea wazee wa Ilala na kitambaa kichafu. Hebu washa."

Kadi ishirini. Arobaini. Mia. Alpesh akarudisha kidude katikati, akaweka kiganja nyuma. "Joto linatoka vizuri sasa. Wala hazihitaji kasi yote." Kelele ikapungua, redio ikasikika.

Zahoro akatazama uso mtupu wa sanduku, akatazama uvimbe kwenye khanga ya Bi Siwema.

"Shemeji, kumbe mashine ya watu ulikuwa umeiziba pua."

"Chapa kadi, acha maneno."

Wazee wa Ilala walifika wakakuta mia mbili zimepangwa mezani, wakazisifu. Bi Siwema akazipokea sifa kama aliyezichapa yeye.

Mwezi ukapita, jua la Januari linapasua vichwa, na Zahoro haachi kuuliza. "Shemeji, kile kitambaa hakijakauka tu?"

"Uzi mzito ule," anajibu, kichwa hainui. Mkononi anafuma kingine, kidogo, cha juu tu. Kila baada ya mistari miwili anainuka kukipima juu ya sanduku, na kikianza kuning'inia mbele, anafumua.