Bilali na Kambo wa Njia ya Dilolo

Tangu aingie eda, Mwanvua alikuwa amepoteza hesabu ya siku. Aliketi kwenye mkeka nyuma ya pazia la mlango, na mchana wa Lubudi ukapita mbele yake taratibu, kama moshi wa mashamba yanayochomwa wakati wa kiangazi. Treni ikilia stesheni, alisikia, lakini mara nyingine hakujua kama ni ya leo au ya mwaka ule alioolewa. Mumewe Bilali alikuwa akiingia na kutoka katika mawazo yake bila kubisha hodi: mara kijana mwenye kofia ya kufuma, mara mzee anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

Alikufa mwezi wa sita, mwaka wa 1990, kwa homa ya siku nne. Umri wake hakuna aliyeujua vizuri. Baba yake alitoka Kasongo, huko Maniema, akifuata reli na biashara ya samaki mkavu, na Bilali akazaliwa njiani, mahali ambapo mama yake hakuweza kukumbuka jina lake. Labda ndiyo maana hakuweza kukaa. Alikuwa na kamyo ya kijani, na kwa kamyo hiyo alipeleka mahindi Kolwezi, akapeleka chumvi na vitambaa Dilolo, mpakani mwa Angola, akarudi na maharagwe na asali. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, aliizunguka akipiga magurudumu kwa kiganja, moja moja, kama mtu anayeamsha watoto. Watoto wake sita, Nuru akiwa wa kwanza, walisoma, wakala, wakavaa kwa jasho la safari hizo.

Mwanvua alimwona tena siku ile ya mwaka wa 1975. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na Bilali alikuwa amechelewa siku tatu. Vita vya Angola vilikuwa vimewamwaga watu mpakani. Kamyo iliingia uani ikiwa na matope mpaka kwenye kioo. Nyuma hamkuwa na gunia hata moja. Bilali alizunguka, akafungua mlango wa pili, akamshusha mwanamke mzee, mwembamba, aliyeshika sufuria isiyo na mfuniko.

"Na maharagwe?" Mwanvua aliuliza.

"Niliacha kule. Nilibeba bantu. Bengine banashuka Mutshatsha, bengine Kolwezi."

"Na huyu mama?"

"Huyu hakushuka." Bilali alijipangusa uso. "Kila fasi niliuliza, unashuka hapa? Anaangalia tu. Hana mutu, Mama Nuru. Nitamuacha wapi?"

Mwanvua alikuwa na hasira. Alikumbuka hasira hiyo vizuri, na sasa ilimchekesha. Bukari, ugali wa nyumba nzima, ilikuwa ndogo siku hiyo. Lakini mzee aliketi jikoni bila kuambiwa, akachukua sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yakingoja, akaanza kuyatwanga, na mkono wake ulikuwa wa mtu aliyetwanga maisha yote. Jina lake lilikuwa Chilombo. Alisema Kichokwe, na nyumbani hakuna aliyekijua. Baada ya mwezi watoto walikuwa wakimwita kambo, jina wanaloitwa mababu na mabibi wa huko, na mdogo wao Amadi hakulala usingizi wa mchana ila mgongoni mwake.

Kila alipofika Dilolo, Bilali aliwaambia wauzaji wa sokoni: kuna mama Chilombo kwangu Lubudi, mtu akimtafuta, mwambieni.

Kisha vikaja vita vya Kolwezi, mwezi wa tano wa 1978. Bilali alikuwa huko na mzigo wa unga. Siku nane hakuna habari. Treni hazikupita, na kimya cha reli kiliingia hata ndani ya nyumba. Jirani yao Agnès, mke wa karani wa stesheni, alikuja na wanawake wengine, wakavua viatu, wakataka kuanza kilio. Chilombo alisimama mlangoni na sufuria yake.

"Hapana kilio," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno ya Kiswahili yakitoka kinywani mwake yakiwa yamesimama wima. "Bilali eko mu njia."

Akaenda kukaa kando ya reli. Alikaa huko siku mbili, akirudi kulala tu. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, Mwanvua alimwona akiinuka. Kwa mbali, katikati ya mataruma, mtu alikuwa akitembea kama anayeota, viatu mkononi, miguu imevimba. Watu wenye bunduki walikuwa wamechukua kamyo. Bilali alifika uani. Aliomba maji, akanywa, akauliza kama batoto banakula.

Alianza upya kwa baiskeli. Mtu wa zaidi ya miaka hamsini, alisukuma makaa na mahindi kutoka mashambani hadi stesheni, kilima baada ya kilima. Miaka mitatu. Ndipo yeye na Ngoy, fundi wa reli, wakaokota kiunzi cha gari hapa, injini pale, wakaunganisha kamyo iliyolia kama ng'ombe lakini ikatembea.

Nayo ndiyo iliyomleta mwana wa kiume wa Chilombo kutoka Dilolo, mwaka wa 1983. Habari ya sokoni ilikuwa imemfikia baada ya miaka minane. Mama na mwana walishikana uani, mpaka kuku wakawasahau, wakawa wanadonoa miguuni pao. Mwana akaondoka na mama yake. Amadi alikataa kula.

Baada ya miezi miwili Bilali alirudi kutoka Dilolo, akafungua mlango wa pili, na Chilombo akashuka peke yake.

"Kambo! Unarudia?" Mwanvua alipaza sauti.

"Nilienda kutembea," Chilombo alijibu, akaelekea jikoni.

Alikufa miaka mitatu baadaye. Katika ofisi ya kuandikisha vifo karani aliuliza aandike nini, huyu alikuwa nani. Bilali alisimama, kofia mkononi, macho yake yakiwa tayari yameanza kufifia.

"Andika, mama ya Bilali."

Mwana wa Chilombo alipofika msibani, alimshika Bilali mkono akamwita kaka mkubwa, na hivyo ndivyo alivyomwita hadi mwisho. Ndiye aliyekuja kumzika Bilali mwezi wa sita wa 1990: aliitwa homa ilipoanza, akasafiri siku tatu kutoka mpakani, akateremka kaburini pamoja na Amadi kumpokea.

Nje, Nuru, bintiye mkubwa, alikuwa akiita: "Mama, chai inapoa." Mwanvua alivuta kitenge mabegani, akanyoosha mkono chini ya pazia, akapokea kikombe.